Siku Nilipomshika Dativa Sweta

Harufu ya rangi ya mafuta ndiyo iliyonichokoza. Binti yangu yuko darasa la tano. Jumatatu alirudi nyumbani akitaka mfuko wa mchele mtupu, ule mkubwa, na aliutaka papo hapo kama vile mimi nafuga mifuko. "Mama, mwalimu amesema. Tunachora." Sikuuliza wanachora juu ya nini. Shule zetu za Kigali hazijaacha mtindo huo: mfuko unafumuliwa, unafuliwa, unaanikwa, kisha unachorwa kwa rangi ramani, mifupa ya mtu, sikio la ndani, chochote ambacho vitabu havitoshi kukionyesha darasa zima. Nikamtafutia mfuko, nikamfulia. Alipolifungua kopo la rangi pale barazani, harufu ilinipanda puani, nikaiacha cherehani na kitambaa cha mteja kikiwa bado chini ya sindano.

"Mtachora nini?" nilimuuliza.

"Haki za mtoto," akasema, brashi ameshaitia kwenye buluu.

Nilikwenda kukaa ndani. Mtoto alidhani namkasirikia kwa sababu ya sakafu, akanifuata na gazeti mkononi kunionyesha kwamba atalitandika. Nilimwambia hapana mwanangu, endelea, mama amechoka tu.

Sisi tulisoma Nyamirambo, shule ya chini kidogo ya mtaa wa mafundi cherehani, ambapo baba yangu alikuwa na mashine hii hii ninayoitumia leo. Mwalimu wetu wa maarifa ya jamii alikuwa Mwalimu Konsolata. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sketi zake za rangi ya majivu baba alizipunguza kila mwaka, maana kila mwaka alikuwa anazidi kukonda. Alikulia Bujumbura. Darasani alitufundisha kwa Kinyarwanda kama walimu wengine, lakini mlangoni, uwanjani na njiani alitusemesha Kiswahili chake cha kule, kwa hiyo mimi nikimkumbuka namsikia kwa Kiswahili tu. "Batoto, munisikie." Alikuwa hana fimbo. Nasema hana, si kwamba aliificha. Walimu wenzake walimcheka kwa hilo, na sisi tukipita mstarini walituita wabunge. "Haya, wapisheni wabunge!" Tulipita vifua mbele, wallahi, tukaona tunasifiwa.

Mwaka wetu wa mwisho wa msingi, Mwalimu Konsolata alitufundisha haki za mtoto kwa wiki nzima. Sijawahi kuona watoto wakipenda somo namna ile. Haki ya jina. Haki ya kusoma. Haki ya kutopigwa. Haki ya kucheza! Niliifikisha ile ya kucheza nyumbani siku ile ile, mama aliponiambia nikachote maji. Nilisimama katikati ya ua nikamwambia mimi nina haki ya kucheza, imeandikwa. Mama yangu hakupaza sauti. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Haki yako iko ndani ya lile jerikeni. Nenda kaichote." Baba alicheka mpaka uzi ukakatika, na kuanzia siku hiyo akaniita Mheshimiwa.

Haki hizo tuliziandika kwenye mfuko wa mchele. Aliyeandika ni Dativa, jirani yangu wa benchi, kwa sababu alikuwa na mwandiko ambao hata mkuu wa shule hakuwa nao. Mimi nilimshikia kopo. Dativa alikuwa anaishi na shangazi yake aliyekuwa anauza mboga karibu na msikiti. Baba na mama hakuwa nao, wote wawili, na hakupenda kulizungumza. Mimi nilijua kwa kuwa tulikaa benchi moja tangu darasa la kwanza, na watu wa benchi moja hujuana hata mishono ya nguo za ndani. Mwalimu alijua pia. Wengine sidhani. Alikuwa msafi, mcheshi, wa kwanza au wa pili kila muhula, na alitaka kuwa daktari wa meno, sijui meno aliyatoa wapi. "Nitakung'oa bure," alikuwa akiniambia.

Wiki iliyofuata Mwalimu Konsolata alitufundisha jambo jingine, na hilo ndilo lililotuponza. Alifunga kitabu. Akakaa juu ya meza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akatueleza shule ilivyokuwa zamani, yeye akiwa mdogo kuliko sisi, kabla familia yake haijakimbilia Burundi. Alisema mwalimu wao aliingia na daftari, akawaambia watoto wasimame kwa makundi: wa aina hii wasimame, nahesabu, kaeni, sasa wa aina ile. Hakutaja majina ya hayo makundi na hatukumuuliza. Mtoto wa Kigali anajua kipi hakiulizwi. Yeye hakujua yuko kundi gani. Aliyekaa naye benchi aliposimama, naye akasimama, kwa sababu walikuwa wanafanya kila kitu pamoja. Mwalimu wao akamcheka mbele ya wote, akamwambia aende nyumbani akamuulize mama yake.

"Nikaenda," Mwalimu Konsolata alisema. "Mama alifunga kwanza mlango, mchana kweupe, ndiyo akanijibu."

Nakumbuka sauti za pikipiki zikipanda barabara ya mawe, na Dativa ameacha kuchezea kifungo cha sweta lake. Mwalimu alishuka mezani. Alituangalia mmoja mmoja kama anatuhesabu, kisha akasema maneno ambayo mimi niliyameza mazima mazima bila kuyatafuna: "Hapa kwangu, hakuna mtoto atasimamishwa kwa sababu ya vile alizaliwa. Na mutu yeyote akija kuwaambia musimame namna hiyo, mukae. Munisikie. Mukae tu."

Tulimsikia. Mimi, Mheshimiwa, nilimsikia kuliko wote.

Zikapita kama siku kumi. Asubuhi moja mkuu wa shule aliingia na wageni watatu, wawili wa kutoka ofisi moja ya Kacyiru na mama mmoja wa kizungu aliyekuwa akitabasamu kabla hajaangaliwa. Tulisimama wote, tukaimba wimbo wa kukaribisha wageni, tukapiga makofi kwa mpangilio, tukakaa. Mkuu aliwaonyesha mfuko wetu ukutani. Mama yule aliupenda, akaupiga picha, akaupapasa mstari wa pili pale Dativa alipoandika kwamba kila mtoto ana haki ya kusoma. Mimi nilimpiga Dativa kiwiko. Unaona, unapigwa picha!

Halafu mkuu wa shule akageuka kwetu, akasema kwa ile sauti yake ya mstarini:

"Wasio na baba wala mama, wasimame."

Basi. Hakueleza ni kwa nini. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikataa kusudi kueleza, kwa sababu mwaka uliotangulia habari zilivuja, na wageni walipofika nusu ya shule ilikuwa yatima. Hata mtoto wa mwenye bucha alisimama, na baba yake yuko pale ng'ambo anakata nyama. Kwa hiyo safari hii walitaka kuwakuta watoto hivi hivi, ghafla, wakweli.

Kule mbele wakasimama wawili. Nyuma akasimama mmoja. Na Dativa, ambaye ni mtoto wa kutii, akaanza kuinuka. Alishaweka viganja juu ya dawati. Nilimshika sweta kwa nyuma, pale chini kwenye pindo, nikalivuta kwa nguvu zangu zote.

"Kaa," nikamnong'oneza. "Mwalimu alisema."

Aliniangalia. Nataka niseme kweli hapa, kwa sababu nimejidanganya miaka mingi kwamba alishukuru. Aliniangalia kama mtu anayeulizwa swali gumu na muda umekwisha. Kisha akamwangalia Mwalimu Konsolata. Mwalimu alikuwa kando ya mfuko, chaki mkononi, macho yake yako kwetu, kwangu na kwa ule mkono wangu. Mdomo ulifunguka. Mdomo ukafungika. Macho yakamjaa maji, na mimi, jamani, mimi nilifurahi! Nilidhani anaona fahari. Nilidhani analia kwa kuona watoto wake wamelielewa somo, wamekaa kama alivyoagiza, mbele ya mkuu wa shule na wageni na kila mtu. Nilimkaza Dativa zaidi. Akakaa.

Wageni waliandika majina matatu, wakatoka na wale watatu.

Tulikaa na furaha yangu kama nusu saa hivi. Wale watatu waliporudi walikuwa wamevaa masweta mapya, na mmoja wao, kijana mmoja mzito wa hesabu ambaye hata kuzidisha kulikuwa kunamtoa jasho, akasema kwa sauti kwamba wamepata. Wamepata nini? Shule. Sekondari ya bweni, miaka yote sita, godoro, sanduku, madaftari, kila kitu mpaka mwisho. Siku hizo sekondari za karibu na nyumbani zilikuwa chache, na ukikosa wa kukupeleka bweni umekwisha. Niligeuka kumwangalia Dativa. Alikuwa anaandika. Alikuwa ananakili tarehe ubaoni kwa ule mwandiko wake, polepole, na hakuinua kichwa.

Bado sikuelewa sana, niseme ukweli. Nilidhani ni jambo la kurekebishwa. Si tuna haki ya kusikilizwa? Ilikuwa mstari wa tano.

Mwalimu Konsolata alikwenda kwa mkuu wa shule siku ile ile. Tulimwona kupitia dirisha akisema kwa mikono. Mkuu alimjibu kwamba orodha si yake, ameshaitia sahihi na imeondoka. Alhamisi mwalimu alituchukua sote wawili baada ya masomo, akatupandisha basi mpaka Kacyiru. Nilikuwa sijawahi kufika kule kwenye maofisi. Mazulia, vioo, watu wanasemeshana kwa upole kana kwamba kuna mgonjwa. Tulikaa kwenye benchi jeusi mpaka makalio yakafa ganzi. Dativa alikuwa amepakwa mafuta na shangazi yake mpaka anang'aa.

Bwana aliyetupokea alikuwa mmoja wa wale wageni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwa sababu mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Alisikiliza yote. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "kila wiki naletewa yatima waliosahaulika. Kila wiki. Nikiongeza mmoja, kesho nina foleni hapa mlangoni. Hawa watatu tuliwaona kwa macho yetu wamesimama. Huyu hakusimama."

"Nilimshika mimi!" nikasema. Nilisimama kabisa. "Alitaka kusimama, mimi nikamvuta."

"Ulimvuta kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ni haki yake."

Akacheka. Alicheka kidogo tu, kama unavyomcheka mtoto wa watu aliyevaa viatu vya baba yake, akafungua mtoto wa meza akanipa peremende. Mbili. Moja yangu na moja ya Dativa. Mwalimu Konsolata alibaki ameangalia meza. Alianza kusema kwamba watoto walifundishwa, kwamba kosa si lao, kwamba yeye ndiye, halafu sentensi ikamfia mdomoni. Bwana alisema labda mwakani. Mwakani Dativa angekuwa hayuko shuleni tena, na wote wanne mle chumbani tulilijua hilo.

Kwenye basi la kurudi mwalimu alikaa katikati yetu. Tulipofika karibu na mteremko wa kuingia Nyamirambo alisema, si kwetu hasa, kwa kile kioo cha dirisha: "Neno lilikuwa moja. Dativa, simama. Neno moja tu, na nilishindwa kulitoa." Mimi nilikuwa na peremende mdomoni. Nilifikiri anazungumzia wimbo au sala. Leo mimi ni mtu mzima, nina mtoto, na nadhani najua lilikwama wapi. Angewezaje yeye, na ule mlango wa mama yake uliofungwa mchana, kuwa ndiye wa kumwita mtoto kwa jina asimame mbele ya daftari la mtu? Namwelewa. Kumwelewa hakujamsaidia Dativa kitu.

Shangazi yake Dativa hakulaumu mtu. Nilikwenda kumwomba msamaha, mama alinisindikiza. Alikuwa anafunga mafungu ya dodo, ndivyo tunavyouita mchicha. "Huyu mutoto iko na bahati mbaya tu," akasema. "Tangu kuzaliwa. Chukua dodo, mama Hadija, peleka nyumbani." Tulirudi na dodo.

Mtihani wa taifa Dativa alifaulu, na alifaulu kunizidi. Baba yangu, ambaye siku hizo alikuwa ameacha kuniita Mheshimiwa, alimpima vipimo, akamshonea sketi na mashati mawili ya sekondari bila kuombwa. Alidhani labda nguo ndizo zilizopungua. Zilining'inia kwenye msumari dukani, zimepigwa pasi, Januari yote na Februari. Mwezi wa tatu mama mmoja wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, alikuja kwa shangazi akitafuta msichana wa kumlelea mtoto, na Dativa akaenda. Aliondoka na mfuko wa plastiki na ndala. Hakuniaga. Baba aliziuza zile nguo kwa mteja mwingine, na nilimwona mtoto wa huyo mteja barabarani amezivaa. Zilimkaa vizuri.

Mfuko wa haki za mtoto ulibaki ukutani. Darasa lililotufuata liliutumia, na lile jingine pia. Mwalimu Konsolata aliendelea kufundisha, lakini wadogo zangu waliopita kwake wananiambia hakuwahi kuwasimulia hadithi ya kusimama. Aliwapa vichwa vya habari, wakanakili.

Nilimwona Dativa mara moja tu katika miaka yote hiyo. Nilikuwa nimepeleka mapazia kwenye nyumba moja Nyarutarama, karibu na kule wanakocheza gofu. Geti likafunguliwa na yeye, mtoto wa watu mgongoni. Tulijuana hapo hapo. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu utotoni, niliyarudia kitandani hata nilipokuwa na mimba, nilikuwa nayo yote. Akanisalimia, akasema, "Madamu yuko ndani. Subiri hapa, dada." Nikasubiri hapo. Alipotoka kupokea mapazia niliyahesabu, nikamwonyesha lipi la sebuleni na lipi la chumbani. Basi, ndiyo hayo niliyomwambia.

Alhamisi ya wiki hii, mfuko wa binti yangu ukiwa bado unakauka barazani, simu ililia: Mwalimu Konsolata amefariki. Alikuwa anaumwa siku nyingi. Jumamosi asubuhi nilifunga duka, nikajitanda khanga, nikaenda msibani. Hema lilijaa, watu wa kanisani kwao, majirani, walimu wastaafu na fimbo zao, safari hii za kutembelea. Nilipata kiti cha plastiki safu ya nne. Aliyekuwa kiti cha pembeni akasogeza mkoba wake, na alikuwa Dativa. Nywele za mbele zimeanza kuwa nyeupe. Amevaa sweta.

Tulipeana mikono kwa mikono miwili. "Watoto hawajambo?" "Hawajambo. Wako?" "Nalea wa watu bado," akasema, akatabasamu kidogo. Meno yake bado yalikuwa mazuri. Nikasema moyoni leo ndiyo leo, nikimaliza sala tu nitamwambia.

Bwana mmoja wa familia alishika kipaza sauti. Alimshukuru kila mtu, akamshukuru na jirani aliyetoa umeme. Halafu akasema:

"Sasa, wote waliofundishwa na marehemu, wasimame tuwaone."

Viti vikasogezwa hema zima. Walisimama watu wazima wenye vitambi, askari mmoja, wauguzi wawili, vijana. Nami nikasimama. Nilipoangalia chini Dativa alikuwa amekaa, mikono juu ya mkoba, anaitazama picha ya mwalimu pale mezani kati ya mishumaa.

Niliinama. "Dativa," nikamnong'oneza. "Simama. Ni sisi tunaoitwa."

Hakugeuka.

"Mwalimu alisema," akanijibu.

Nilisikiliza kama kuna hasira ndani yake, au utani, kitu cha kushika. Sikusikia chochote. "Wote, wote," bwana alikuwa anasema, "msione haya." Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye sweta lake, pale begani. Niliurudisha. Nikabaki nimesimama, mikono imening'inia, sijui niitie wapi, mpaka yule bwana aliposema asanteni, kaeni.